Hodi ya Mlango wa Kumi na Sita

Hodi, mpenzi msikilizaji!

Kama umeitika "karibu", hata kimoyomoyo tu huku unamenya viazi au unasubiri abiria kijiweni, basi nusu ya mazungumzo ya leo umeshayaelewa. Leo nazungumzia hodi. Hodi zinazopigwa ndani ya kompyuta, mchana kutwa, maelfu kwa maelfu, bila sisi kuzisikia. Na nazungumzia hodi moja ambayo haikuitikiwa, ikanizungusha siku nne nzima kule Ivuna, wilaya ya Momba, mkoani kwetu Songwe.

Ivuna, kwa watu wa bonde la Rukwa, ni chumvi. Pale pana chemchemi za maji ya chumvi, na watu wamekuwa wakiyachemsha tangu zamani sana. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen, walioandika juu ya uchimbaji wao mwaka 1968, walikuta mabaki ya kazi hiyo ya tangu karne ya 13 hivi. Lakini nenda kwa wataalamu wa vimondo duniani, uwatajie Ivuna, uone macho yao yanavyong'aa. Sisi wa Songwe tunajivunia kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma lenye tani zaidi ya kumi, na wanafunzi hupelekwa kuliona. Cha Ivuna kilikuwa kidogo. Kilianguka tarehe 16 Desemba 1938, na kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 705, hata kilo haifiki. Jiwe jeusi, laini, lenye kaboni na udongo wa kale kuliko dunia yenyewe. Kundi zima la vimondo vya namna hiyo linaitwa CI, na hiyo herufi I ni ya Ivuna. Chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kilipoleta vumbi la asteroidi Ryugu mwaka 2020, wataalamu walilipima wakasema linafanana na jamii ya jiwe letu.

Kwa hiyo Ivuna ilishapigiwa hodi kutoka juu angani, na kuna mtu aliyeitika: aliinama, akaokota. Bila yeye tusingejua lolote. Lishike hilo.

Sasa tuje kwenye mkasa wangu.

Ilikuwa mwezi wa kumi, joto limepamba moto. Mwalimu mmoja wa sekondari ya huko bondeni akanipigia simu.

"Fundi, ile mashine mama inatusumbua."

"Inasumbuaje, mwalimu?"

"Asubuhi nzima kabisa. Ikifika saa nane mchana mtandao unakata. Ukizima ukawasha, unarudi, kidogo tu unakata tena. Watoto wanasema ina jini la mchana."

Nilicheka. Lakini mashine yenyewe naijua, nimeifunga mimi. Ni kompyuta iliyotumika, kama zilivyo nyingi tunazozipata, na kazi yake ni kuwabebea wenzake tisa: vitabu, mitihani iliyopita, video za masomo ya sayansi. Zile tisa zimeungwa nayo kwa kebo kupitia swichi moja. Ninaposema mtandao hapa, sisemi intaneti. Nasema ile njia ya ndani ya chumba. Na niliiwekea mfumo endeshi wa Linux kwa sababu mbili ambazo kila fundi wa kijijini anazijua: haidai pesa ya leseni, na haichoki haraka kwenye mashine kongwe.

Nikafanya kama tunavyofanya sote. Nikasema kwenye simu: badilisheni kebo. Wakabadilisha. Hamishieni tundu jingine la swichi. Wakahamisha. Azimeni swichi nyingine. Wakaazima. Akatumwa kijana mmoja kutoka Tunduma, akafuta kila kitu akapiga Linux upya. Wiki ile ile jini likarudi. Akapiga upya mara ya pili. Jini halikuhama.

Hapo nikajua ushauri wa simu umefika mwisho. Nikapanda gari.

Anayeijua njia hiyo anajua unavyoondoka Tunduma umevaa sweta, na ukishateremka bondeni unatamani kuvua hata ngozi. Chumba chenyewe kina bati tupu, hakina dari. Kompyuta zimefunikwa vitenge kuzuia vumbi. Binti mmoja wa kidato cha tatu, ndiye anayeshika funguo, akanisalimia: "Shikamoo, fundi." "Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?" Akanionyesha kwa kidole, kama anayemwonyesha mtu nyoka.

Mpenzi msikilizaji, kabla hatujamgusa mgonjwa, nikueleze anavyoishi.

Ndani ya kompyuta kuna prosesa, mpishi mkuu. Mchukulie kama mama aliye peke yake jikoni, sufuria iko motoni. Anasubiri wageni, ila hajui watafika saa ngapi. Angekuwa anaacha mwiko kila dakika kwenda kuchungulia mlangoni, ugali ungeungua. Ndiyo maana sisi tuna hodi. Mama anasonga ugali wake. Akisikia hodi, anapunguza moto, anakumbuka alipofikia, anakwenda kuitika, anapokea kilicholetwa, anarudi kwenye sufuria.

Kadi ya mtandao, ile inayochomekwa kebo, ndiyo mgeni wa kila mara. Ujumbe ukiingia kutoka kwenye kebo, kadi inapiga hodi. Mafundi kwa Kiingereza wanaita hodi hiyo interrupt, kukatiza, kwa sababu kweli inamkatiza mpishi. Mimi naona hodi ni bora. Anayekukatiza ni mkosefu wa adabu, lakini anayepiga hodi ana adabu zake. Na wasomi wetu walishatuonyesha kwamba mambo ya kompyuta yanasemeka kwa lugha yetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili.

Sasa, hodi hupigwa mlangoni, na milango ina namba. IBM PC, kompyuta ya mezani ya mwaka 1981, ilikuwa na milango minane. Ile iliyotoka mwaka 1984 ikaongezewa minane mingine, lakini mmoja ukatumika kuunganisha makundi hayo mawili, ikabaki kumi na mitano. Mafundi wazee wanakumbuka vile vijipini vya kwenye kadi, unavyovichomoa kwa kucha uipe kadi mlango namba tano, kumbe kadi ya sauti nayo inautaka huo huo namba tano, ugomvi unaanza. Baadaye milango ikazidi hiyo, na zikaja kadi za PCI, zikaleta ujamaa: vifaa viwili, vitatu, vinne, vitumie mlango mmoja.

Ujamaa huo una utaratibu wake. Hodi ikisikika kwenye mlango wa pamoja, keneli, yaani kiini cha Linux, inawauliza wote wanaotumia mlango ule, mmoja baada ya mwingine. Na wa kujibu ni draiva. Draiva, msikilizaji, si yule wa basi; ni kijiprogramu kinachokijua kifaa fulani na kukisemea. Keneli inauliza: "Huyu anayebisha ni wa kwako?" Draiva ya USB inakiangalia kifaa chake, inasema: "Si wangu." Draiva ya kadi ya mtandao inaangalia, inasema: "Wangu huyo," inapokea ujumbe, kazi inaendelea.

Na je, wote wakisema "si wangu"?

Kwetu mtu akibisha hodi mara tatu bila kuitikiwa, anaondoka. Kifaa cha kompyuta hakina malezi hayo. Kitabisha, na kitabisha, maelfu kwa sekunde, na kila hodi mpishi anaacha sufuria. Kwa hiyo keneli inahesabu. Inakusanya hodi 100,000 za mlango ule. Ikiona zaidi ya 99,900 kati ya hizo hazikuwa na mwenyewe, inachoka, inaandika kwenye kumbukumbu zake maneno haya: irq, namba ya mlango, kisha nobody cared. Hakuna aliyejali. Halafu inaufunga mlango ule kwa komeo.

Hapo ndipo penye uchungu. Mlango ukifungwa, umefungwa kwa wote. Mwenye makosa na asiye na makosa wote wako nje.

Turudi chumbani.

Safari hii niliapa sitagusa bisibisi wala kupiga Linux upya kabla sijasoma. Mashine inaandika kila kinachoisibu, sisi ndio wavivu wa kusoma. Saa tatu asubuhi nikafungua dirisha la amri, nikaandika cat, nafasi, mkwaju, proc, mkwaju, interrupts. Hapo inatoka orodha kama daftari la wageni: kushoto namba ya mlango, katikati hodi ngapi zimepigwa tangu mashine iwashwe, kulia kabisa majina ya wanaoutumia. Mlango wa kumi na sita ulikuwa na majina mawili: USB na kadi yetu ya mtandao.

Nikamwambia yule binti aandike namba ya mlango huo kila nusu saa. Akachukua kaunta buku, akapiga mistari kwa rula, akaandika saa upande huu, namba upande ule. Asubuhi namba ilipanda kama inavyopaswa: watoto wakifungua video inakimbia, wakitoka mapumziko inatembea. Saa saba na nusu bado inapanda. Saa nane na dakika kama kumi, sauti kutoka nyuma: "Fundi, imekata!"

Nikaita orodha tena. Tukaitazama namba ya kumi na sita. Tukasubiri dakika moja, nikaita tena. Tarakimu ile ile. Dakika ya pili, ile ile. Milango mingine yote inapumua, wa kumi na sita umekauka. Nikaandika dmesg, d, m, e, s, g, amri inayofungua kumbukumbu za keneli. Yakatoka maneno yale: irq 16, nobody cared. Na chini yake: Disabling IRQ #16.

Mwalimu akauliza, "Ndiyo jini lenyewe?"

Nikamwambia ndiyo, na lina namba.

Nikajiona bingwa. Nikasema ni wazi, kadi ya mtandao na USB wanagombana mlangoni. Nikazima mashine, nikachomoa kadi, nikapuliza vumbi, nikaichomeka sloti nyingine. Sloti ikibadilika, mara nyingi na mlango unabadilika. Nikawasha: kadi iko mlango wa kumi na nane, peke yake. Usiku ule nikala ugali na samaki wa Rukwa, nikalala usingizi wa mtu aliyelipwa.

Kesho yake nikachomeka mausi ya USB ili mwalimu asipate shida ya kuandika amri. Saa nane mchana mtandao ukawa mzima. Saa nane na robo, mzima. Mwalimu ananipongeza. Halafu akashika mausi ili afunge dirisha, mausi haiendi.

Akaitingisha. Haiendi. Akaichomoa akaichomeka. Wapi!

Mpenzi msikilizaji, pale nilisimama kama niliyemwagiwa maji. Nikaandika dmesg. Irq 16, nobody cared. Mlango ule ule umefungwa, na kadi ya mtandao haimo tena! Maana yake aliyekuwa akibisha hodi tangu mwanzo hakuwa kadi. Kadi ilikuwa imefungiwa nje kwa makosa ya mwingine, na sasa imekuja zamu ya mausi. Nilikuwa nimemhamisha anayeumia, nikamwacha anayeumiza.

Ni nani basi? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaandika lspci -k, amri inayotaja vifaa vya PCI vilivyomo ndani na draiva zinazovisemea. Nikasoma mstari kwa mstari, na nikaona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yakikiruka siku zote: kadi za mtandao zilikuwa mbili. Moja ni hii niliyoichomeka. Ya pili ni ile iliyozaliwa na mazabodi yenyewe, yaani ubao mkuu wa kompyuta, na kwenye maelezo yake hapakutajwa draiva yoyote inayoisemea.

Nikakumbuka. Na ukumbukaji wenyewe ulinitoa jasho kuliko joto la Ivuna.

Mwaka uliotangulia radi ilipiga karibu na shule, kebo ikaibeba, tundu la mtandao la mazabodi likafa. Niliitwa mimi. Nilichomeka kadi mpya, ikafanya kazi. Ila ile ya zamani ilikuwa inajaza kumbukumbu kwa malalamiko kila mashine inapowaka, nami sikupenda kelele, nikaifungia draiva yake isipakiwe tena. Kimya kikapatikana. Na yule kijana alipopiga Linux upya, mwalimu alimpa karatasi ya maelekezo yangu, naye akaifuata neno kwa neno, akaifungia draiva ile ile, mara zote mbili.

Kumbe kile kifaa hakikufa chote. Mdomo wa kebo uliungua, lakini upande wake wa ndani ulikuwa bado hai nusu. Kwa ninavyopima mimi, asubuhi kukiwa na ubaridi kilitulia; mchana bati likishapata moto na kifaa kikapata joto, kilianza kubisha hodi kwenye mlango wa kumi na sita, mfululizo. Keneli ikauliza wa mlango ule: ni wako? USB: si wangu. Kadi mpya: si wangu. Na mwenye kumjua, draiva yake, mimi mwenyewe nilikuwa nimemfukuza nyumbani. Nilimwondoa mwitikaji, nikamwacha mpiga hodi.

Dawa yenyewe haikuchukua dakika tano. Nikazima, nikawasha, nikaingia kwenye bayosi, ile sehemu ya mipangilio inayotangulia kabla ya Linux kuamka, nikaizima kabisa kadi ya mazabodi. Mchana wa siku iliyofuata saa nane ikapita, saa tisa ikapita, saa kumi watoto wakaenda kucheza mpira. Na kwa kuwa nilishaaibika mara moja, kesho yake nikairudisha kwa makusudi. Saa nane mchana mlango ukafungwa. Nikaizima tena, mlango ukabaki wazi. Fundi asiyethubutu kuurudisha ugonjwa hana hakika kama ameuponya, au umepumzika tu.

Sasa wewe mwenzangu unayetengeneza kompyuta, Tunduma, Vwawa, Mlowo au popote unaponisikia, nikuachie mpangilio.

Kwanza kabisa, dmesg. Ukikuta nobody cared, jua ni mlango uliofungwa, na usihukumu kadi ya mtandao kwa sababu tu yeye ndiye aliyelia. Ukikuta maneno NETDEV WATCHDOG na transmit queue timed out, hayo ni mengine kidogo: kadi ilikabidhiwa ujumbe wa kutoa, muda umepita, haijarudi kusema nimeshatoa. Inaweza kuwa hodi zimepotea njiani, au draiva ina kasoro, au kadi imechoka.

Pili, ile orodha ya proc na interrupts. Usiisome mara moja. Picha moja haionyeshi mwendo. Isome mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, huku mtandao unatumika. Namba isiyopanda kabisa ni mlango uliokufa. Namba inayopaa wakati hakuna anayefanya lolote ni mtu anayebisha hovyo.

Tatu, angalia nani anachangia mlango na nani. Hamisha kadi sloti nyingine. Vifaa usivyovitumia, tundu la printa la zamani, sauti, kadi iliyoungua kama yangu, vizime kwenye bayosi. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu pamoja mashine ikapona, hujajifunza kitu.

Nne, kama kadi ni ya kisasa, tazama kwenye orodha kama imeandikwa MSI. Hiyo ni namna mpya ya hodi: kadi haigongi mlango wa pamoja, inatuma ujumbe wenye anwani yake mwenyewe. Ni kama kuacha kugonga geti la nyumba ya wapangaji na kumpigia simu mpangaji unayemtaka. Inamaliza ugomvi mwingi. Ila kuna mashine ambazo mpango huo zinauharibu, na hizo unaziwasha na neno pci=nomsi ili zirudi kwenye mlango wa zamani.

Tano, utaambiwa: washa na neno irqpoll, yote yatakwisha. Kweli, keneli yenyewe hukudokezea neno hilo. Ukiliweka, hodi ikikosa mwenyewe mlangoni pake, keneli inazunguka milango yote kuuliza. Ni magongo hayo. Aliyevunjika mguu anayahitaji ili afike hospitali, lakini asiyafanye mguu. Na noapic nayo ni hivyo hivyo: inairudisha mashine kwenye utaratibu wa kale wa ile milango michache. Itumie kupima, usiifanye makazi.

Usidhani haya ni maradhi ya mashine chakavu peke yake. Seva kubwa nazo zinaugua hodi, ila kwa upande wa pili: zinaitika kupita kiasi. Fikiria pale mpakani Tunduma, foleni ya malori ya kuelekea Nakonde, upande wa Zambia. Kama kila lori likifika linapiga honi, na kwa kila honi ofisa anatoka nje kuangalia, anarudi, anatoka tena, mwisho atakuwa anatoka na kurudi tu, hagongi muhuri hata mmoja. Kazi yote imeliwa na kuitika. Mwaka 1996 watafiti Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan waliandika juu ya hali hiyo: mashine iko macho, inahangaika, haimalizi kitu. Linux ikachukua njia ambayo ofisa mwenye akili angeichukua. Inaitwa NAPI. Honi ya kwanza ikilia, ofisa anasema: basi, msipige tena, nimeshajua mpo. Anatoka, anahudumia fungu zima la foleni, na foleni ikikauka ndipo anaruhusu honi tena.

Na kama maofisa ni wanne lakini honi zote anazisikia wa dirisha la kwanza, huyo atazimia wakati watatu wanapiga soga. Prosesa za leo zina viini vingi, na ile orodha ina safu kwa kila kiini. Ukiona hodi zote za mtandao zimerundikana safu ya kwanza, na mashine inalemewa, kuna mhudumu aitwaye irqbalance anayezigawa. Au unagawa mwenyewe kwa faili la smp_affinity lililo chini ya kila namba ya mlango. Kwa chumba chetu cha kompyuta kumi hilo halikuhitajika. Ofisa mmoja aliwatosha.

Kuna jambo moja bado linanisumbua, nalisema hadharani. Yule binti wa kidato cha tatu hakujua keneli ni nini, wala draiva. Alichokuwa nacho ni kaunta buku na uvumilivu wa kuandika namba kila nusu saa. Sisi mafundi tuliokuja na flashi mfukoni, na sifa zetu, tulipiga Linux upya mara mbili na kubadilisha kebo nzima zisizo na kosa, kwa sababu kusoma kunachosha na kubadilisha kunaonekana kama kazi. Mteja akikukuta umekaa unasoma kioo, anaona unapoteza muda. Akikukuta umefungua mashine, bisibisi mdomoni, anaona fundi.

Na kelele niliyoizima mwaka ule ndiyo ingeniambia kila kitu. Kile kifaa kilichoungua kilikuwa kinalalamika kwa maneno, kila asubuhi, nami nikaona ni usumbufu, nikakinyamazisha. Kiliponyamazishwa mdomo, kikaanza kugonga mlango.

Nilipoondoka Ivuna, mwalimu alikuwa amechana ile karatasi ya maelekezo yangu ya zamani. Binti akaandika mpya, kwa mkono wake, akaibandika kwa gundi ubavuni mwa mashine mama. Ina mistari mitatu. Kadi ya mazabodi ni mbovu, imezimwa kwenye bayosi, usiiwashe. Kadi inayotumika iko mlango wa 18. Mtandao ukikata, usizime: andika kwanza namba, ndipo umwite mwalimu.

Nami nakuaga hapo, mpenzi msikilizaji. Tukijaliwa, nitapiga hodi tena.